Siku Nyumba za Mashema Juu Ziliposhuka Kupiga Kura

Jumatatu ya wiki ya kura, saa moja na nusu asubuhi, Mwalimu Sifael alikuwa amekaa kwenye kigoda nyuma ya nyumba yake akimenya ndizi za kupikia mtori, simu ikalia. Akajifuta utomvu kwenye suruali, akaangalia jina, akapokea. Alikuwa Daniel, mwanawe wa kwanza, anayeishi Dar es Salaam na kuagiza vipuri vya magari.

"Shikamoo baba."

"Marahaba. Mmeamkaje huko?"

"Salama. Baba, hiyo Jumamosi sitaweza kuja. Kuna kontena linaingia bandarini."

"Na kura?"

"Nitaituma nyumba."

Mwalimu hakushangaa, akaanza kutafuta kalamu. Yeye ndiye aliyekuwa katibu wa kamati ya kura, na kila mwenye nyumba ambaye hangefika alitakiwa kuandikwa. Daftari alilikuta juu ya debe la pumba. Akaandika: Daniel Sifael, nyumba itakuja peke yake. Ilikuwa ya kumi na tatu tangu jana yake. Hadi kufika Ijumaa zilikuwa themanini na mbili.

"Iambie isimame upande wa kutoka," Daniel akasema. "Na Adija afunge madirisha vizuri, vioo vile ni vya gharama."

Nyumba yenyewe ilikuwa pale pale, hatua ishirini kutoka kwenye kigoda. Ilikuwa na vyumba sita, vigae vyekundu na nguzo nne mbele ambazo hazikuwa zimebeba kitu chochote. Ilifunguliwa kila tarehe ishirini Desemba na kufungwa tarehe tatu Januari. Siku nyingine zote, mia tatu na hamsini kwa mwaka, ilikaa na Adija. Mwalimu na marehemu mkewe hawakuwahi kulala humo hata siku moja, kwa sababu walizoea chumba chao cha zamani na kwa sababu hakuna aliyewaambia walale.

Adija alikuwa barazani akipiga deki. Alikuwa mwanamke wa miaka arobaini na tano hivi, mwenye mikono mikubwa na maneno machache, na alikuwa ameitunza nyumba ya Daniel kwa miaka kumi na tisa. Alilala chumba cha nyuma kilichopakana na jiko la kuni. Alikamua ng'ombe wawili, akapogoa migomba, akamkumbusha Mwalimu dawa ya presha. Kwao kulikuwa Mashema Bondeni, mwendo wa saa moja na nusu ukishuka kwa miguu, na kila Ijumaa mchana alikwenda kumwona mama yake, Bi Hadija. Bibi huyo alikuwa na shamba la robo eka mwishoni kabisa mwa mfongo. Mfongo ndio mfereji wa asili uliochimbwa na mababu kutoka msituni, ukapita kwenye vihamba vya Juu, yaani mashamba ya ukoo yenye migomba, kahawa na makaburi, kisha ukashuka hadi kwenye maharage ya Bondeni. Yale yaliyobaki ya maji ndiyo yaliyomfikia Bi Hadija. Aliyanywa, akafulia, akamwagilia. Chanzo kingine hakuwa nacho.

Adija akasimama, akalikamua tambara lake kwenye ndoo. "Ni Dani?"

"Ndiye. Haji. Anaituma nyumba."

"Basi niipige deki na nje," akasema Adija. "Itapita mbele za watu."

Mashema Juu na Mashema Bondeni viliunganishwa kuwa kijiji kimoja mwaka ule wa operesheni ya vijiji. Wazee wa juu na wazee wa chini walitia dole gumba kwenye karatasi moja, wakapewa mhuri mmoja, wakarudi kila mmoja kwake. Tangu hapo walikuwa wameishi miaka hamsini kama watu wa ukoo mmoja wanavyoishi, kwa kunung'unikiana na kuzikana.

Watu wa Juu walikuwa na lao moyoni. Walisema zahanati imejengwa Bondeni, ofisi imejengwa Bondeni, na mwenyekiti kila uchaguzi anatoka Bondeni, kwa sababu Bondeni watu wanazaa na watoto wanabaki, ilhali Juu watu wanazaa na watoto wanapanda basi. Hilo lilikuwa kweli tupu. Ukipita Mashema Juu mwezi wa tano unaweza kutembea nusu saa kati ya nyumba nzuri kushinda nyingi za mjini Moshi bila kusalimiwa na kiumbe, labda mbwa. Na maji, wakasema watu wa Juu, yanaanzia kwetu yanaishia kwao, halafu wao ndio wanaotupangia zamu. Basi wakaomba kujitoa. Barua ikaja kutoka wilayani kwamba wenyeji wapange wenyewe nani apige kura na kura ipigwe vipi, ili mradi majibu yafike kabla ya mwisho wa Septemba.

Hapo ndipo maneno yalipoanza. Kutoka au kubaki halikuwasumbua watu sana, maana kila mtu alishajua la kwake. Kilichowatoa jasho ni nani aulizwe. Mikutano mitatu ilifanyika kwenye uwanja wa shule, na wa tatu ulichukua saa sita.

Antoni, balozi wa nyumba kumi kutoka Bondeni, alisimama akiwa ameshika kofia. "Ndugu zangu, tuliungana wawili. Mnataka kuondoka, sawa. Lakini na sisi si tuulizwe?"

"Mtu akihama chumba," akamjibu Sylvanus, "hapigi kura na wale anaowaachia chumba." Watu wa Juu wakacheka na kupiga makofi. Sylvanus alikuwa mwenyekiti wa kamati, mzee mwenye sauti, aliyewahi kuongoza wageni mlimani kwa miaka thelathini. Alizoea kutembea mbele, watu wakimfuata huku wakihema.

"Basi wapige wote wanaolala Juu," akasema Antoni.

Sylvanus akapiga hesabu kichwani, na watu wakamwona akiipiga. Waliolala Juu walikuwa wazee, wanawake walioolewa kutoka kwingine, na watunza nyumba, wakamua ng'ombe na wapogoa kahawa kutoka Bondeni, Kahe na Chekereni. Wengi wao wangesema tubaki. Wakati huohuo grupu la WhatsApp la wana Mashema Juu lilikuwa linawaka moto. Walioko Dar, Mwanza na Arusha walituma sauti moja baada ya nyingine: kihamba ni chetu, makaburi ni yetu, hatuwezi kuamuliwa na watu wa kufagia.

Mwalimu Sifael ndiye aliyeleta suluhu, na hilo litamkera hadi atakapoingia kaburini. Alikuwa amefundisha Kiswahili miaka thelathini na minne na aliamini kwamba ugomvi wowote huisha ukipata sentensi safi. Akasimama, akasoma kutoka kwenye karatasi: kila nyumba ya kudumu iliyosimama katika kihamba cha Mashema Juu itakuwa na kura moja, na kura hiyo ni ya nyumba. Hayo maneno ya mwisho aliyaongeza ili ndugu wanaomiliki nyumba moja wasije wakatoana macho. Watu wakaomba airudie. Akairudia. Mara ya tatu aliisoma taratibu zaidi kwa sababu ilikuwa inampendeza, na hilo pia analijutia.

Mama Mektrida, mjane wa kihamba cha jirani, akanyoosha mkono. "Mwalimu, mimi nimeolewa huku miaka arobaini na mbili. Nyumba ilikuwa ya marehemu, sasa ni ya kijana wangu yuko Mwanza. Mimi ndiye ninayelala ndani yake. Hapo kura anapiga nani?"

"Nyumba, mama," akasema Sylvanus.

"Na mimi?"

"Wewe umo ndani ya nyumba."

Mama Mektrida akalifikiria hilo, akakaa. Hakuwa amekubali, ila alichoka kusimama. Utaratibu ukapita.

Jioni ile Adija alimletea Mwalimu maziwa kama kawaida, akayaweka mezani, asiondoke. "Mwalimu, mimi nimeandikwa wapi?"

"Umo ndani ya nyumba ya Daniel."

"Ndani nimo. Nauliza kwenye daftari."

Mwalimu alijitia kupuliza maziwa ambayo hayakuwa ya moto. Akamwambia kwamba yeye mwenyewe atasimama upande wa kubaki, kwamba watu wa Juu si wanyama, na kwamba hata wakitoka, hakuna mtu atakayemfungia bibi wa watu maji. Alisema hivyo akiamini nusu yake.

"Mama ana miaka themanini na moja," Adija akasema. "Hawezi kubeba ndoo." Akachukua chombo cha jana, akatoka.

Jumamosi nyumba zilianza kushuka saa kumi na mbili na robo, kukiwa kumeshapambazuka. Fundi umeme alikuwa amepita siku mbili mfululizo akizichomoa nyaya, na mafundi bomba wakafunga koki. Nyumba zilijinyanyua kwenye misingi yao bila haraka, zikakung'uta udongo, zikajipenyeza kati ya migomba kwa uangalifu. Zilijengwa na watu waliozaliwa vihambani, kwa hiyo zilijua pa kupita. Ni mibuni minne tu iliyokanyagwa kijiji kizima, na mitatu kati yake ilikuwa imezeeka. Zilikuwa na mapazia yameshushwa na madishi ya televisheni yakitazama juu. Matangi ya maji yalicheza kwenye mapaa. Nyumba moja ya ghorofa ilisimama kwenye kona ya kanisani ikashindwa kupita, ikarudi nyuma, ikapita kwa ubavu, na mchungaji aliyekuwa akipiga mswaki dirishani akaielekeza kwa mkono.

Waliokuwa njiani walizisalimia kwa majina ya wenyewe. "Habari za Dar?" mama mmoja mwenye mkungu kichwani aliiuliza nyumba ya mjomba wake, akapita zake.

Nyumba ya Daniel ilitoka ya ishirini hivi. Mwalimu aliiona ikijifunga vizuri mlango wa mbele, ule ambao ufunguo wake ulikuwa Dar. Nyuma yake alifuata Adija na ndoo na kitambaa, na kila ilipoingia kwenye tope alisimama akaipangusa chini. Watunza nyumba wengine walikuwa wakifanya vivyo hivyo barabara nzima, thelathini na kitu, kila mmoja nyuma ya nyumba yake, kama watu wanaopeleka ng'ombe josho.

Uwanja wa shule haukutosha, hivyo zile za ghorofa zikaombwa kusubiri barabarani. Kamati ilikuwa imetenga magoli mawili. Goli la upande wa kanisa lilikuwa la kutoka, goli la upande wa barabara lilikuwa la kubaki. Kamba ilifungwa kuuzunguka uwanja, na wasio na kura waliambiwa wakae nje ya kamba. Watunza nyumba na wanawake walioolewa walisimama upande wa barabara, kwa sababu tu ndipo palipokuwa na kivuli cha mikaratusi. Bi Hadija naye aliletwa na bodaboda kutoka Bondeni. Akaketishwa kwenye ndoo iliyogeuzwa, akawa anauliza kila nyumba ni ya nani.

Saa tatu kamili Mwalimu alifungua daftari mezani na kuanza kuita. Wenye nyumba waliofika wenyewe, hamsini na wawili, waliitika na kwenda kusimama. Nyumba zilizokuja peke yao zilisogea hatua moja mbele zilipoitwa.

"Nyumba ya Daniel Sifael."

"Ipo!" akaitikia Adija kutoka nje ya kamba, kisha akakumbuka kwamba siye aliyeulizwa, akainamisha uso.

Baada ya kuitwa wote Sylvanus alipuliza filimbi, na kila mwenye kura akaenda kwenye goli lake. Zile nyumba zilitembea kwa adabu. Nyingi zilikwenda upande wa kanisa kama zilivyoagizwa kwenye simu. Lakini ya Daniel ilifika katikati ya uwanja, ikasimama palipo na duara la chokaa, ikakaa hapo kwa muda wa kunywa kikombe cha chai. Halafu ikageuka, ikaenda upande wa barabara, ikasimama karibu kabisa na kamba, mahali ambapo Adija angeweza kunyoosha mkono na kuugusa ukuta wa jikoni. Hakuugusa. Nyumba ya kijana wa Mama Mektrida ikafuata. Zikaja nyingine. Watu walihesabu kwa vidole.

Mwalimu alihesabu mara mbili. Kutoka, sitini na nne. Kubaki, sabini. Katika hizo sabini, thelathini na tisa walikuwa watu na thelathini na moja zilikuwa nyumba, na zote thelathini na moja zilikuwa zile zenye mtu anayelala ndani yake mwaka mzima.

Moyo wake ulimruka kwa furaha, na yeye mwenyewe hakujua kwamba alikuwa amelitaka jambo lile kiasi hicho. Akatazama nje ya kamba. Bi Hadija alikuwa anaambiwa matokeo sikioni.

"Subiri, mbe Mwalimu," akasema Sylvanus. Alikuja mezani, akaegemea kwa ngumi zote mbili. "Hizi nyumba hazikutumwa huku."

"Zimesimama huku."

"Zimerubuniwa. Zimekaa na hao watu muda mrefu mno. Tuwapigie wenyewe."

Wakawapigia. Ilichukua saa moja na nusu, maana wengine walikuwa kazini na mmoja alikuwa harusini. Wote walisema neno lile lile, kwamba nyumba ni yangu na mimi nimesema kutoka. Daniel alipokea mara moja, na Mwalimu akaweka simu kwenye spika kwa sababu kamati ilitaka.

"Baba, nyumba nimejenga mimi."

"Utaratibu unasema kura ni ya nyumba, Dani."

"Utaratibu umeuandika wewe. Kwani nyumba ina akili?"

"Imetembea kutoka nyumbani hadi hapa."

"Mimi ndiye niliyeituma!" Sauti ikakata, ikarudi. "Baba, usinifedheheshe mbele za watu kwa ajili ya dada wa kazi."

Kamati ya watu watano ilimtazama. Mwalimu alijua kabisa kilichokuwa sahihi. Kilikuwa kimeandikwa kwenye karatasi mfukoni mwake kwa mkono wake, na kilichotakiwa ni kuitoa ile karatasi na kuisoma mara ya nne. Badala yake aliwaza Krismasi. Aliwaza Daniel asipokuja, wajukuu wasipokuja, na yeye amekaa kwenye kigoda anakula ndizi za machalari peke yake siku ya sikukuu, na majirani wanapita wakijua sababu. Aliwaza kwamba ana miaka sabini na minane. Akasema, kwa sauti ambayo haikuwa ya kubishana, kwamba labda suala hili liahirishwe. Sylvanus akasema haliahirishiki, barua inatakiwa Jumatatu. Mwalimu akachukua kalamu, akapiga mstari juu ya nyumba thelathini na moja, moja moja, na mbele ya kila mstari akaandika: imeharibika. Ya Daniel aliipiga mstari mwishoni kabisa. Mwandiko wake ulikuwa mzuri kama kawaida.

Matokeo yakatangazwa. Kutoka sitini na nne, kubaki thelathini na tisa, zilizoharibika thelathini na moja. Watu wa Juu waliimba, ingawa waliokuwepo wa kuimba hawakuwa wengi. Nyumba zikaanza kurudi.

Zote zilirudi kwenye misingi yao kabla ya saa kumi. Zile thelathini na moja zilirudi pia, ila zilikaa kinyume, mlango wa mbele ukitazama Bondeni na mlango wa jikoni ukitazama mlima. Mafundi waliitwa kuunganisha upya mabomba na nyaya. Walilalamika kidogo juu ya urefu wa waya, wakamaliza. Wenye nyumba walipopelekewa picha kwenye grupu, mmoja aliandika kwamba upande huo una jua zuri la asubuhi.

Kijiji kipya kilianza kazi kwa bidii ambayo haikutarajiwa. Mwezi wa kumi, pale mpaka ulipopita, waliweka lango la chuma kwenye mfongo na kufuli ya shaba. Maji yalijaa nyuma ya lango, yakakosa pa kwenda, yakageukia korongoni. Watu wa Juu hawakuyahitaji yote. Nyumba nyingi zilikuwa zimefungwa.

Adija alikaa wiki mbili nyingine. Asubuhi ya Jumatatu alikamua ng'ombe, akapiga deki, akampa Mwalimu dawa yake, kisha akaweka funguo za jikoni juu ya meza.

"Nakwenda kumchotea mama maji," alisema. "Bomba la barabarani ni mbali, na foleni inaanza saa tisa usiku."

"Utarudi lini?"

Adija alimtazama kwa upole. "Mwalimu, ni kila siku."

Daniel alikuja tarehe ishirini Desemba na familia yake. Aliingia kwa mlango wa jikoni, kwa kuwa ndio uliokuwa karibu na gari, akasema nyumba imekuwa na vumbi. Wajukuu walimkumbatia babu. Tarehe ishirini na saba mkutano mkuu wa Mashema Juu ulikaa, kwa kuwa ndio wakati pekee wenye nyumba walipokuwepo. Walijadili jina la kijiji, mhuri, na lami ya kwenda kanisani. Mwalimu alikuwa ameomba suala la lango la mfongo liwe la kwanza. Likawekwa la tisa. Walipofika la saba nyama ilikuwa imeiva na pombe ya mbege imeshamiminwa, na mtu akatoa hoja kwamba yaliyosalia yasogezwe hadi mkutano ujao. Hoja ikaungwa mkono. Mwalimu aliiandika kwenye kumbukumbu.

Tarehe nne Januari, magari yalipokwisha kuondoka, Mwalimu alikwenda kwenye makaburi ya kihamba chake, akachuma isale kwenye kaburi la baba yake. Isale ni jani refu la kijani, na kila Mchagga anajua kazi yake. Aliyekosa akikuletea isale, humkatalii msamaha, hata kama amekuulia mtu. Mwalimu hakuwahi kumpelekea mtu isale maishani mwake. Alilikunja kama alivyomwona baba yake akilikunja, akavaa koti, akashuka kwa miguu kwa sababu aliona si haki kwenda na bodaboda.

Kadiri alivyoshuka mfongo ulizidi kuwa mkavu. Chini ya lango ulikuwa na tope, mbele kidogo ukawa na nyufa, na alipofika Bondeni watoto walikuwa wakiutumia kama njia ya kwendea shule. Shamba la Bi Hadija lilikuwa limebaki mabua. Adija alikuwa uani, amerudi sasa hivi, ndoo mbili chini na kata ya kanga bado kichwani. Alikuwa amekonda.

"Shikamoo mwalimu."

Mwalimu hakuitika marahaba. Alishika isale kwa mikono miwili, akalinyoosha, akashindwa kutafuta sentensi. "Adija, mwanangu, nilijua," alisema. "Nilipokuwa napiga ile mistari nilijua."

Adija hakuwa Mchagga kwa baba wala kwa mama, lakini alikuwa ameishi kihambani miaka kumi na tisa. Alilitazama lile jani kwa muda. Alifuta mikono kwenye kanga, akalipokea.

"Nimekusamehe, mwalimu," akasema, na ilionekana wazi kwamba alikuwa amemsamehe kweli. Kisha akauliza, bila kinyongo, kama mtu anayeuliza saa, "Na maji yatafunguliwa lini?"

"Mkutano ni Desemba."

"Desemba si imepita?"

"Hii inayokuja. Lipo kwenye ajenda."

"La ngapi?"

Kutoka ndani ya nyumba Bi Hadija alipaza sauti kuuliza ni nani amekuja.

"Mwalimu wa Juu, mama. Ameleta isale."

"Mpe kiti," akasema Bi Hadija. "Ametembea. Mpe na maji."

Adija akaleta kiti, akamketisha kivulini. Akachota kikombe kimoja kutoka kwenye ndoo ya kwanza, akakijaza hadi ukingoni, akampa kwa mkono wa kulia huku ameushika kwa wa kushoto, kama mgeni wa heshima anavyopewa. Mwalimu alitaka kusema kwamba hana kiu. Akayanywa yote, kwa sababu kukataa kungekuwa kosa jingine, na yeye alikuwa amekuja na isale moja tu.